Wawili Watoke, Akae Mmoja

Gari la mkwe wangu linakaa pazuri kuliko mimi. Sisemi kwa wivu, nasema nilichokiona. Chumba ninachokaa na pacha wangu kiko nyuma ya nyumba, kina dirisha moja na vitanda viwili vilivyosogeleana kiasi kwamba mmoja wetu akigeuka usingizini, mwenzake anajua. Gari lina banda lenye sakafu ya vigae, taa nyeupe kila pembe, feni ya ukutani, na shuka. Ndiyo, shuka. Limeshonwa kwa vipimo vya gari lenyewe, na ndani lina utando laini ili rangi isikwaruzwe. Pacha wangu, ambaye alikuwa mshonaji maisha yake yote, alilishika shuka hilo siku ya kwanza tuliyofika, akalisugua kati ya vidole, akasema kitambaa cha namna ile yeye alikuwa akiwashonea maharusi tu.

Mkwe wangu ni daktari wa meno. Mtu mpole, mwenye adabu zake, hapiti mbele yetu bila kuinama kidogo. Nilipostaafu ualimu, na pacha wangu alipofiwa na mumewe, ni yeye aliyemwambia binti yangu, "Waje wakae hapa, wote wawili." Alisema wote wawili. Neno hilo sikulisahau, maana mimi na mwenzangu tulizaliwa pamoja, tukatenganishwa na ndoa, na uzee ndio uliotukutanisha tena. Hatukuwa tunaomba kitu kingine duniani zaidi ya vitanda vile viwili vilivyobanana.

Turudi kwenye gari. Ni la spoti, jekundu, fupi kwa kimo, na kwa maneno ya mwenyewe lina nguvu za farasi mia sita. Farasi hao sijawahi kuwaona wakikimbia. Barabara ya mtaani kwetu ina matuta, na tumbo la gari liko chini mno, kwa hiyo kila tukifika kwenye tuta mkwe wangu anasimama, anawasha taa za tahadhari, halafu anatuomba kwa heshima zote tuteremke ili gari linyanyuke kidogo. Tunajikwamua kutoka viti vya nyuma, ambavyo aliyevitengeneza alikuwa anafikiria mikoba, si makalio. Tunavuka tuta kwa miguu. Gari linavuka kimshazari, polepole, mkwe wangu ameuma meno. Kisha tunapanda tena. Siku moja muuza maji alitupita na mkokoteni wake, akatungoja kwenye tuta la mbele ili atusalimie.

Ungedhani mtu mwenye farasi mia sita wasio na pa kukimbilia ametosheka. Wapi! Alitaka elfu moja.

Ndiyo sababu kila Jumamosi mchana alikuja fundi. Tulimwita Fundi Tuone, kwa kuwa hakuna swali lililowahi kumkuta akakosa kulijibu kwa neno hilo. Gari litapona lini? Tuone. Kelele hii ni ya nini? Tuone. Walikuwa na jambo lao wakiliita "mpango", na mpango huo ulikua kila wiki bila dalili ya kuzaa. Wakibadilisha kitu fulani, bomba la moshi halitatosha. Bomba likipanuliwa, pampu ya mafuta itakuwa ndogo. Pampu ikiongezwa, klachi itateleza. Klachi ikiimarishwa, kompyuta ya gari itachanganyikiwa na itabidi ifundishwe upya. Hayo yote yalipangwa kwa kusimama. Wanaume wawili, mikono kiunoni, boneti wazi, wakiliangalia injini kama watu wanaongoja lianze lenyewe kuzungumza. Spana sikuisikia hata siku moja.

Hapo juu nimeandika "wakiliangalia injini", na tayari nimejikuta nimekosea. Injini inaangaliwa, haliangaliwi. Mniwie radhi, hasira huharibu hata sarufi. Mimi nilifundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka macho yakaanza kunigomea, na silaha yangu ilikuwa ngeli. Mtoto akiniambia "mwalimu, mbwa wetu imekufa", nilimpa pole, kisha nikamsahihisha: mbwa amekufa. Hata akifa anabaki kiumbe, hageuki kuwa meza. Vizazi na vizazi vimepita mikononi mwangu vikijua jambo hilo. Kwa hiyo msinilaumu kwa yaliyotokea. Nilisikia kwa masikio ya mwalimu.

Jumamosi hiyo pacha wangu alikuwa kwenye cherehani akipunguza gauni la binti yangu, nami natafuta miwani niliyokuwa nimeivaa. Dirisha letu linatazama banda la gari. Sauti zikaingia.

"Fundi, hawa mapacha wamechoka," alisema mkwe wangu.

Nikaacha kutafuta miwani.

"Nimewasikia," Fundi Tuone akajibu. "Mmoja anapumua kwa shida. Anapiga mluzi."

Cherehani ikanyamaza. Pacha wangu ana pumu, na kifua kikimbana hupiga mluzi hasa.

"Na mwenzake anachelewa kuamka. Unamngoja weee, mpaka unakata tamaa."

Hapo nilitajwa mimi. Tangu nistaafu sikurupuki. Niliamshwa na kengele ya shule miaka yote ile, sasa naamka nikitaka.

"Tuone," fundi akasema. "Tumtoe mmoja kwanza?"

"Hapana, wawili watoke siku moja. Nimewavumilia vya kutosha. Pale pao akae mmoja, mkubwa."

"Mkubwa kweli kweli?"

"Mkubwa, fundi! Nikimwona tu roho inatulia."

"Ataenea pale?"

"Tutabanabana, ataenea."

"Na shemeji anajua?"

"Mke wangu hajui, na wewe usimwage mtama. Atamkuta ameshakaa. Akishakaa, nani atamtoa?"

"Haya. Na hawa wa zamani tuwapeleke wapi?"

"Akitokea wa kuwachukua, wachukuliwe. Asipotokea, watakaa stoo."

Wakacheka, boneti ikafungwa, wakaondoka kwenda kunywa soda.

Mtu mwingine angejiambia labda ni vyombo vya gari. Na mimi nilijiambia hivyo, kwa muda wa kumeza mate. Kisha elimu yangu ikanikaba. Pacha wangu alinigeukia akiwa na sindano mdomoni, akaitoa.

"Labda wanasema habari za gari," alinong'ona.

"Angekuwa anasema vyuma angesema zimechoka. Au vimechoka. Amesema wamechoka. Amesema nimewavumilia. Hiyo ni A-WA, mwenzangu. Ni viumbe hai."

"Basi ni sisi," akasema. Tangu utoto hajawahi kubishana nami juu ya sarufi.

"Ni sisi."

"Na huyo mkubwa?"

Tulitazamana. Hakukuwa na haja ya kuulizana. Mkwe wangu, kama vijana wengi wa mjini, mama yake mzazi humwita Bi Mkubwa. Na jina hilo kwa mama huyo si heshima tu, ni maelezo. Ni mwanamke wa kimo na upana, aliyekuwa msimamizi wa bweni la wasichana, akipita mlangoni taa inapungua. Anaishi peke yake katika mji mwingine. Mtu kumtaka mama yake karibu, hilo ni halali yake, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini stoo! Stoo ile ina magurudumu ya zamani na ndoo za rangi.

Iliniuma, sifichi. Nilikaa kitandani nikahisi nimekuwa mgeni aliyesahau kuaga. Pacha wangu hakulia kwa ajili ya stoo. Alilia kwa neno lingine.

"Akitokea wa kuwachukua," alisema. "Mwanangu atanichukua mimi. Wewe una binti huyu huyu mmoja tu. Watatugawa."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Mwanawe anaishi mbali sana, kwa kupanda basi na kulala njiani. Nikamshika mkono, nikamwambia hatugawanywi, labda kwa msumeno.

Tulikubaliana kwanza kuonyesha kwamba hatujachoka. Binti yetu hatukumwambia neno. Ni nesi, anatoka zamu miguu imevimba, na ndoa ni yake, si yetu ya kuichokonoa. Kesho yake niliamka kabla ya jogoo wa jirani. Nilideki sebule, nikafua mapazia yaliyokuwa safi, nikaimba. Mkwe wangu alinikuta juu ya kiti nikifuta balbu.

"Mama, shikamoo. Vipi leo mapema?"

"Marahaba, baba. Mimi siku hizi nachelewa kuamka? Nani kasema?"

"Hakuna aliyesema, Mama. Teremka basi, upumzike."

Pumzika! Nililipeleka neno hilo chumbani kama ushahidi. Naye pacha wangu alikuwa na vita vyake. Alibeba ndoo za maji kutoka bomba la nje kupita mbele ya mkwe, akitembea upesi, mdomo umefungwa, anapumua kwa pua tu ili mluzi usisikike. Akifika bafuni anafungulia bomba litiririke kwa nguvu, anakohoa humo, anatoka anatabasamu. Siku ya tatu ya maigizo hayo midomo ilimgeuka rangi. Nikamkalisha chini, nikampa dawa yake ya kuvuta, nikaona mpango huu utamuua kabla hajafukuzwa.

"Wanacheza nini hawa wazee?" nilimsikia mkwe wangu akimuuliza mkewe.

"Sijui," binti yangu akajibu. "Mama amenioshea viatu vya kazi mara mbili. Vimenywea."

Basi nikaamua kuondoka kwa heshima zangu badala ya kungoja kutolewa. Na mtu anayeondoka kwa heshima humkabidhi nafasi anayeingia. Nikampigia simu Bi Mkubwa.

"Mkwe, habari za huko? Nasikia unakuja."

"Nakuja wapi?"

"Kwa mwanao. Usinifiche, nimesikia mwenyewe kwa masikio haya. Anakutaka. Anasema akikuona tu, roho inatulia."

Nikasikia mtu akipenga kamasi, na Bi Mkubwa akipenga kamasi utajua ni yeye.

"Amesema hivyo?"

"Kwa maneno hayo hayo."

"Mkwe wangu," akasema, na sauti ile ya bweni ilikuwa imelainika mpaka sikuitambua, "huyu mtoto hajaniambia neno tamu tangu aote meno. Hunitumia picha za gari. Nyumba hii naongea na redio. Nakuja Jumamosi."

Nilipokata simu nilijikuta simchukii tena. Hilo lilinikera, maana nilikuwa nimejiandaa kumchukia muda mrefu.

Jumamosi ikafika. Tulifunga virago mapema, mabegi mawili na cherehani, tukaketi sebuleni tumevaa nguo za kusafiria. Binti yangu alikuwa ndiyo kwanza anatoka zamu, bado na sare yake, akatuona, akabaki mlangoni.

"Mama? Mama Mdogo? Mnaenda wapi?"

Kabla sijafungua mdomo, pikapu ikapiga honi getini. Fundi Tuone aliruka kutoka nyuma, akawaelekeza wapagazi wawili waliobeba boksi zito la mbao, akapaza sauti ambayo mtaa mzima uliisikia.

"Bosi! Mkubwa ameingia!"

Nyuma ya pikapu palikuwa na teksi. Mlango wake ukafunguliwa, teksi ikanyanyuka kama imepumua, na Bi Mkubwa akasimama barabarani na masanduku yake, kilemba kipya, machozi tayari machoni.

"Nimeingia, baba!" alijibu. "Nimeingia, mwanangu!"

Mkwe wangu alikuwa ametoka mbio kulipokea boksi, mikono mbele. Akakuta mikono yake imejaa mama. Juu ya bega la mama huyo niliyaona macho yake yakizunguka, yanamtazama fundi, yanalitazama boksi, yanatutazama sisi na mabegi yetu dirishani. Hakuwa na hili wala lile kichwani, hilo naweza kuapa.

Tuliingia ndani wote, na boksi likaingia pia, likawekwa katikati ya sebule. Nikasimama. Nilikuwa nimetayarisha hotuba.

"Baba," nilimwambia, "ulitupokea, tunakushukuru. Tumechoka, umesema kweli. Mwenzangu anapiga mluzi, mimi nachelewa kuamka. Umetuvumilia vya kutosha. Tunachoomba ni kimoja. Akitokea wa kutuchukua, atuchukue wote wawili. Asipotokea, hata hiyo stoo tutakaa, mradi tuwe pamoja."

Sauti ilinikatika hapo kwenye pamoja. Pacha wangu alishaanza kulia, na mluzi wake ulijaa sebule nzima, sasa hakuwa na sababu ya kuuficha.

Binti yangu alimgeukia mumewe taratibu. "Stoo?" aliuliza. Kuna namna manesi wanauliza kitu kabla ya kudunga sindano.

Mkwe wangu ghafla akajipiga paji la uso. "Turbo!" alipiga kelele. "Mama, ni turbo! Mapacha ni turbo!"

Akatueleza akiwa amepiga magoti kando ya boksi. Kumbe ndani ya gari lile mna vifeni viwili vinavyozungushwa na moshi wa injini, na vikizunguka vinaisukumia injini hewa ili ichome mafuta kwa nguvu. Vifeni viwili vidogo, vinavyofanana, ndiyo maana vikaitwa mapacha. Kimoja kilikuwa kimeanza kupiga mluzi, cha pili kinachelewa kushika kasi. Mpango wote ule wa Jumamosi ulikuwa kuvitoa na kuweka kimoja kikubwa. Akafungua boksi. Humo, juu ya pamba, palikuwa na dude la chuma limejikunja kama konokono, linang'aa, na kwa ukubwa wake ungeweza kupikia wageni humo.

"Sasa kwa nini ulisema wamechoka?" nilimuuliza. Hilo ndilo lililoniuma zaidi kwa wakati ule. "Kwa nini hukusema zimechoka?"

"Mama, ndivyo tunavyowaita. Ukikaa nao muda mrefu unawazoea. Unawaona kama watu."

Binti yangu ndiye wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika ukuta, ingawa alipomaliza alimuuliza mumewe ni lini hasa alikuwa na nia ya kumjulisha kuhusu huyo konokono, naye akaanza kulifunika boksi. Pacha wangu alicheka huku akilia. Fundi Tuone alicheka kwa adabu. Mimi nilicheka mwisho, kwa shingo upande, kisha kwa moyo wote. Nilihisi mtu ameniondolea gunia mgongoni.

Bi Mkubwa peke yake hakucheka. Alikuwa ameketi kwenye kochi, mkoba magotini.

"Kwa hiyo mimi hukuniita," alisema.

Mkwe wangu aliinuka kutoka kwenye boksi lake. Lazima nimpe haki yake, alijitahidi.

"Bi Mkubwa, hapa ni kwako. Karibu sana. Nyinyi wote ni wazazi wangu."

Ilikuwa sentensi safi, na upatanisho wake ulikuwa sahihi. Tukafungua mabegi. Kitanda cha tatu kililetwa chumbani kwetu, na kwa kuwa hakukuwa na nafasi, tulivisukuma vyote vikagusana vikawa kitanda kimoja cha ukutani hadi ukutani. Bi Mkubwa akajilaza katikati. Tulibanabana, akaenea.

Baada ya chakula cha mchana wanaume walirudi bandani. Safari hii nilisikia spana kweli. Pacha wangu alirudi kwenye cherehani, Bi Mkubwa alikuwa amenyoosha miguu, mimi nasoma gazeti. Chumba kilikuwa na amani ambayo hakikuwa nayo wiki nzima. Kisha sauti ya mkwe wangu ikaingia dirishani, imejaa kicheko.

"Fundi, nusura nivunjike mbavu! Vile vikongwe vyangu viwili vilidhani ndivyo vinavyotolewa! Vimefunga virago kabisa. Kimoja kinalia, kingine kinanihutubia kama kiko darasani!"

"Nimevionea huruma," fundi akasema huku akicheka. "Sasa viko wapi?"

"Vimo humo ndani. Na vimeongezeka, sasa ni vitatu. Sijui nitavifanyaje."

Spana ikagonga chuma. Halafu sauti ikabadilika. Ikawa ya chini, ya upole, sauti ya mtu anayemshika mtoto mchanga.

"Taratibu sasa, taratibu. Huyu mshike vizuri asiumie. Ametutumikia sana huyu, masikini."

Mguu wa pacha wangu ulisimama juu ya kanyagio la cherehani. Sikumtazama, nilijua amesikia alichosikia mwenzake. Wiki nzima nilikuwa nimeumia kwa neno ambalo halikunitaja mimi. Sasa nilikuwa nimetajwa. Kikongwe ana sura ya KI-VI, lakini ni mtu, na upatanisho wake ni wa mtu: kikongwe analia, vikongwe wanalia. Hilo lilikuwa swali langu la mtihani kila mwaka. Anayesema kinalia hajakosea sarufi, amesema anachokiona. Chuma kilichomo mikononi mwake kilikuwa huyu na ametutumikia. Mimi nilikuwa kingine.

Nilitaka kwenda dirishani. Nilitaka kumsahihisha kama nilivyowasahihisha watoto wa watu maisha yangu yote. Sauti haikutoka.

Kitanda kikalia. Bi Mkubwa alikuwa ameinuka. Alikwenda dirishani, akalijaza, chumba kikawa giza.

"Baba," aliita.

Spana ikaanguka. "Naam, Mama." Hakusema Bi Mkubwa.

"Waliolia ni akina nani?"

Nikasikia spana ikiokotwa.

"Nimekuuliza. Jibu sentensi nzima."

"Mama na Mama Mdogo..." Sauti ilikuwa ya mvulana wa darasa la tatu. "Mama na Mama Mdogo walilia."

"Na aliyekuja leo na masanduku yake?"

"Ni wewe, Mama. Umekuja wewe."

"Na hicho ulichokumbatia?"

"Ni turbo, Mama."

"Imefanya nini?"

"Imechoka."

"Iweke chini. Kisha uje ndani, uwaambie wao, si mimi."

Alikuja. Alisimama mlangoni na mikono yake imejaa grisi, hajui aiweke wapi, daktari mzima wa watu. Hakuweza kututazama. Alitazama cherehani.

"Mama, nisamehe. Mama Mdogo, nisamehe. Yamenitoka tu."

"Ndiyo hayo yanayotutisha, baba," nilimwambia. "Yaliyotoka yenyewe." Sauti ilikuwa imenirudia.

Alianza kulia, na alilia kweli, mpaka akajifuta na grisi ikamchora mashavu. Pacha wangu ndiye aliyeinuka. Siku zote yeye ndiye mwenye huruma, mimi nilipewa sarufi. Alichukua kipande cha kitambaa kwenye cherehani, akamfuta uso.

"Tumekusamehe," alisema, na kifua chake kikapiga mluzi kidogo. "Ila hao wenzetu huko nje, warudishe mahali pao. Wote wawili. Wasitenganishwe."

Akawarudisha. Ilimchukua jioni yote, na Fundi Tuone hakusema tuone hata mara moja. Gari bado linapiga mluzi, bado linachelewa kuamka, na kwenye matuta siku hizi anayeteremka ni mkwe wangu, anavuka kwa miguu kutupimia nafasi huku binti yangu ameshika usukani. Yule mkubwa wa boksi yumo stoo, kati ya magurudumu na ndoo za rangi. Yule mkubwa mwingine tunalala naye katikati yetu, na anakoroma.